Bwana Portugal

Vijana wa teksi-moto kwenye mzunguko wa mtaa wa Rwambuzi walimwona Ephraïm kabla yeye hajawaona, maana alitembea akiangalia chini, akikwepa madimbwi. Michel ndiye aliyeanza kila asubuhi.

“Bwana Portugal! Leo unafika wapi?”

“Leo, Mungu akipenda, ninalala Nazaré.”

“Nazareti? Kwa Yesu?”

“Nazaré ya Portugal, weye. Iko pembeni ya bahari.”

Wakacheka, wakapiga honi, wakampa njia kama waziri. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kupanda. Walikuwa wameacha kumwuliza zamani, na Ephraïm alipita katikati yao kifua mbele, kamba za viatu zimekazwa, simu mfukoni ikihesabu hatua.

Ukweli ni kwamba alitembea kwa sababu hakuwa na pikipiki.

Hapa mjini Bunia pikipiki tunaiita moto. Mwanaume mwenye mke na mtoto, ambaye watu walizoea kumwona juu ya moto, akionekana kwa miguu siku mbili mfululizo, siku ya tatu ataulizwa. Ephraïm alikuwa mtu wa biashara, wa wale waliotoka Butembo. Zamani alipandisha maharagwe na sabuni kwa barabara ya Komanda, na nyumba yake ilikula vizuri. Kisha barabara ikaharibika, si kwa mvua tu. Watu walisema amani imerudi, lakini waliisema kwa sauti ya chini, na kila mmoja alifunga duka kabla ya jua kuzama. Mali yake ya mwisho iliporwa njiani. Akabaki kulinda depo, ghala la mfanyabiashara mwingine, akikaa mlangoni kutwa nzima juu ya kiti cha plastiki. Moto aliiuza Mongbwalu, kwa mchimbaji wa dhahabu, mbali makusudi, asije akakutana nayo barabarani ikiwa na mtu mwingine mgongoni. Majirani aliwaambia iko garaji.

Garaji hiyo ilichukua muda mrefu mno. Siku moja Hubert, jirani yake mwenye duka la misumari na mabati, aliinua kichwa juu ya ukuta.

“Papa Joëlle,” akamwita kwa jina la mtoto wake, “garaji gani hiyo? Yaya yangu, kaka mkubwa, iko mekanisie, anajua garaji zote. Twende tuone, wasije wakakuibia mapiesi.”

“Kesho nitakuonyesha,” Ephraïm akajibu, akaingia ndani kabla ya swali lingine.

Jioni ya siku ile ujumbe ukaingia kutoka Ubelgiji. Binamu yake Guelord alikuwa amejiunga na défi, shindano la kwenye simu. Unachagua barabara ya nchi fulani, halafu kila kilomita unayotembea katika shughuli zako, kwa miguu au kwa baisikeli, inakusogeza mbele kwenye ramani. Ukifikia mji, simu inakuletea picha yake. Guelord alikuwa amechagua pwani ya Portugal, na alitafuta mwenzake wa kushindana naye. “Yaya, najua weye ni mutu wa moto,” aliandika, “lakini jaribu tu, hata mara moja kwa juma.”

Ephraïm alisoma yale maneno ya kwanza tena na tena. Asubuhi alimkuta Hubert akifungua geti.

“Ile moto nimeiweka pembeni,” akasema. “Niko mu défi. Ya kimataifa.”

Akamwonyesha ramani. Hubert akavaa miwani, akaangalia ile nukta ndogo ya bluu iliyosimama peke yake pembeni ya bahari.

“Hii njo weye?”

“Ndiyo, njo miye.”

“Ephraïm wa Rwambuzi, mu Portugal!” Hubert akapiga kofi pajani. Hakuuliza tena habari ya garaji.

Ulikuwa uongo mzuri, kwa sababu miguu ilikuwa inatembea kweli. Kabla ya mwezi kwisha mtaa mzima ulijua. Ephraïm aliweka picha za miji kwenye simu, watu wakampongeza kwa “Felicitations” na “Utuletee samaki”. Kanisani mzee mmoja alisimama akamtaja mbele ya vijana wanaonenepa kwa soda: tazameni mtu huyu, ana moto yake, lakini amechagua miguu ambayo Bwana alimpa. Ephraïm aliinamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Siku moja mvua ilimkuta kwenye barabara ya soko. Gari dogo la Hubert likasimama, mke wa Hubert akajisogeza kumpa nafasi.

“Panda, bwana! Portugal haitakimbia.”

“Nikipanda, simu itajua.”

“Unasikia?” Hubert akamwambia mkewe. “Mwanaume njo huyu.”

Gari likaondoka. Maji yalikuwa yamejaa viatuni, shati limeshika mwili, naye alisimama pale akitabasamu peke yake. Tangu auze moto, hakuna aliyekuwa amemwita mwanaume.

Arielle, mke wake, alijua yote. Yeye aliuza vikwembe, yaani vitenge, soko kuu. Enzi za moto alipanda nyuma na furushi lake mapajani. Sasa furushi lilikwenda kichwani, na chini ya furushi lilikwenda tumbo, maana alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Wanawake wa soko wakamwuliza: Mama Joëlle, na weye uko mu défi? Alivuta pumzi, akatazama vumbi kwenye vidole vyake, akajibu, “Siye wote. Nyumba nzima.”

Alimsimulia Ephraïm jambo hilo jioni akimenya ndizi, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Ephraïm akacheka, akamshika bega kwa shukrani. Ilimpasa aone haya siku ile. Haya ilichelewa, kama mgeni anayefika watu wameshakula.

Badala yake akapata wazo. Guelord alikuwa mbele yake sana, na depo ilimkalisha kitako kutwa.

“Njia yako ya soko ni ndefu kuliko yangu,” akamwambia mkewe. “Na unazunguka na bikwembe kutafuta wateja. Ubebe simu yangu ndani ya furushi.”

Arielle alimtazama kidogo. Kisha akafungua fundo la furushi, akaweka simu kati ya kitambaa cha kijani na cha manjano, akafunga tena.

Nukta ya bluu ikaanza kukimbia. Guelord akaandika kwa mshangao, Yaya, unakula nini huko? Jioni Arielle aliingia, akatua mzigo, akamrudishia simu ikiwa na joto la nguo.

“Leo nimekutembeza mpaka wapi?”

“Ngoja. Peniche! Ona mawimbi. Ona nyumba nyeupe.”

Alikuwa amekaa chini, akikanda muundi wake kwa mikono miwili. Akaangalia picha.

“Ni kuzuri,” akasema. “Kuko viti?”

Jumamosi moja mama mkwe akafika kutoka Marabo, na mkungu wa ndizi juu ya gari. Mama Musoki alilima kule tangu familia ihame Butembo. Siku Ephraïm alipokwenda kujitambulisha kwake alikwenda juu ya moto, shati jeupe, koti begani, na tangu siku ile yule mama alimwita kwa majirani zake “mukwe wangu wa moto”. Sasa aliangalia pembe ya uwanja, pale moto ilipokuwa ikilala, akaona beseni na kuku.

“Mukwe, habari ya safari zako?”

“Ni nzuri, Mama. Siku hizi niko mu défi.”

“Nimesikia. Hata mu gari walikuwa wanaisema.” Akageukia mkungu wake wa ndizi. Mama mkwe na mkwe huheshimiana, hawachimbani.

Kesho yake walitoka kanisani pamoja na majirani, kundi zima likitembea, Hubert pia, aliyesema leo naye anaacha gari aonje Portugal. Jua lilikuwa kali. Ephraïm alitangulia mbele na wanaume, akieleza jinsi simu inavyohesabu. Nyuma, Arielle alitembea mkono kiunoni, Joëlle akishika kikwembe chake, Mama Musoki pembeni. Umbali kati ya mbele na nyuma ukakua mpaka wale wa mbele wakasimama kungoja.

Michel akapita na moto yake tupu, akapunguza mwendo karibu na Arielle.

“Mama Joëlle, panda. Bure. Ninakufikisha mpaka mlangoni.”

Arielle hakuiangalia moto. Alimwangalia mumewe. Watu wote wakageuka kumwangalia mumewe.

Lilikuwa neno moja tu. Panda. Lilikuwa tayari mdomoni, na Ephraïm alilisikia lilivyo jepesi. Lakini Hubert alicheka kwa sauti, akasema, “Michel, shetani wa majaribu! Unataka kumuangusha mutu karibu na Lisbonne?” Watu wakacheka naye. Na Ephraïm akasikia sauti yake mwenyewe, kubwa, ya furaha, ikitoka:

“Hapana! Siye hatupande. Nyumba nzima iko mu défi!”

Hubert akapiga makofi. Wengine wakafuata.

Arielle alikaa juu ya jiwe kando ya barabara. Hakuanguka, hakulia. Alikaa kama mtu aliyefika mahali alipokuwa anakwenda. Akajaribu kuvua kiatu, kikakataa. Mama Musoki akapiga goti vumbini na nguo yake ya kanisa, akavuta taratibu mpaka kikatoka, na ukanda wa kiatu ulikuwa umechora mstari mwekundu kuzunguka mguu. Akabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki pale, kama kwenye ugali wa moto.

Makofi yalikuwa yamekwisha.

“Arielle,” mama yake akasema, “ni bwana yako njo amekukataza kupanda?”

“Hapana, Mama. Ni miye. Ninapenda kutembea.”

Alisema hivyo akiangalia ule mguu. Ephraïm alikuwa amesimama hatua chache tu, mikono imening’inia, na akaona kwamba mke wake alikuwa amezoea. Uongo ulimtoka bila kutafutwa, kama salamu. Yeye ndiye aliyemfundisha.

Mama Musoki alimwinua binti yake, akampandisha nyuma ya Michel, akamweka Joëlle katikati. Ndipo akamgeukia Ephraïm, na akaongea kwa ile sauti laini wanayopewa wageni.

“Mukwe, weye endelea na safari yako.”

Jumatatu akamchukua Arielle na mtoto, kwenda Marabo, mpaka azae. Ni desturi ambayo hakuna mwanaume anayeweza kuipinga, na yule mama aliitamka kama desturi, akashukuru kwa mapokezi, akaaga vizuri. Angemtukana, Ephraïm angekuwa na la kujibu.

Wiki ile alitembea kwenda depo na kurudi kwenye nyumba ambamo hakuna aliyemwuliza amefika wapi. Simu ilimtangazia kwamba Lisbonne iko karibu. Guelord akaandika, Yaya, mbona umesimama? Aliizima, akaiweka chini ya godoro.

Jumamosi alfajiri akashika barabara ya Marabo. Nauli ya gari aliikosa, lakini hata angekuwa nayo hakujua angekaa vipi ndani ya gari lililokuwa linamsema. Alifuatana na wasukuma baisikeli waliokuwa wakirudi bila mzigo baada ya kuuza ndizi Bunia. Mmoja, jina lake Evariste, alimbeba kwenye keria kila penye mteremko, na kwenye milima walisukuma pamoja. Kwenye vizuizi vya wanajeshi magari yalisimama na abiria wakashuka, kama inavyotakiwa, wakavuka kamba kwa miguu, wenye suti na wenye makoti ya mvua, vitambulisho mkononi. Pale tu, kati ya kamba na kamba, Ephraïm alitembea bila kuona haya, kwa sababu kila mtu alitembea.

“Unaenda matanga?” Evariste akamwuliza.

“Hapana. Kwa wakwe.”

“Kwa wakwe, kwa miguu?” Evariste akapiga mluzi. “Weye uko na roho nguvu.”

Jua lilikuwa limeinama walipoachana. Karibu na nyumba ya Mama Musoki kuna chemchemi, na Ephraïm akateremka pale. Mtu haendi kwa wakwe na vumbi. Akakunja suruali mpaka magotini, akaosha miguu, akaosha uso, akatoa shati safi kwenye mfuko aliobeba. Alipokuwa akisugua visigino alijikuta anapanga maneno: gari imeniacha pale barabarani, Mama, ilikuwa imejaa sana. Alikuwa ametembea kutwa nzima kwenda kusema kweli, na bado mikono yake ilikuwa inafuta ushahidi.

“Mukwe.”

Mama Musoki alikuwa amesimama juu ya ukingo na bidon tupu ya maji mkononi. Alipoona suruali imekunjwa aligeuza uso mara moja, kama inavyompasa, akabaki amempa mgongo.

“Karibu, baba. Gari imekuacha wapi?”

Jibu lilikuwa tayari. Ephraïm akaangalia miguu yake ndani ya maji, malengelenge yamepasuka, akaangalia ule mgongo uliofunikwa kikwembe.

“Hakuna gari, Mama. Nimekuja kwa miguu.”

“Njo ile défi?”

“Hapana. Défi ilikuwa ya kujificha. Moto sina. Niliuzisha, mbele ya défi kuanza. Niliona haya watu wajue.”

Mama Musoki akahamishia bidon mkono mwingine.

“Na mutoto yangu alijua?”

“Alijua yote. Simu yangu yeye njo alikuwa anaibeba. Zile kilomita wananisifu, nyingi ni za miguu yake.”

“Na siku ile ya jiwe?”

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Akatoa miguu majini.

“Siku ile nilimunyima moto ya bure, Mama. Juu ya watu, walikuwa wananiangalia.”

Mama Musoki aliinama, akajaza bidon bila kumtazama, akaiinua mwenyewe. Ephraïm alinyoosha mkono kumsaidia, mkono ukabaki hewani.

“Vaa viatu,” akasema. “Halafu uje uiseme mbele yake.”

Arielle alikuwa uani kwenye mkeka, miguu juu ya gunia lililojaa mahindi. Uvimbe ulikuwa umepungua, vifundo vinaonekana tena. Joëlle akamrukia baba yake, bibi yake akamwita jikoni. Ephraïm akakaa chini kwenye udongo, akasema yote, kwa mpango uleule. Arielle alimsikiliza mpaka mwisho.

“Hii yote miye ninaijua, Papa Joëlle. Unaniambia miye juu ya nini?”

“Nikuombe musamaha.”

“Musamaha nilikupa. Nilikuwa ninakupa kila siku, na simu yako kichwani.” Alisema bila kupandisha sauti. “Lakini miye haukunidanganya. Ulidanganya Hubert. Ulidanganya batu ba kanisa. Na miye nikadanganya bamama ba soko, ninawaangalia na macho. Siku nitarudi, nitawaambia nini? Nitabeba furushi na mutoto mgongoni, na bado niseme ni défi?”

“Hapana.”

“Basi nenda uwaambie. Uliwaambia na sauti kubwa. Uwaambie na sauti ile ile.”

“Nikisha kuwaambia, utarudi?”

“Nikisha kuzaa, tutaona. Kwanza nitasikia.” Akasogeza mguu juu ya gunia. “Velo za wasukuma zinaenda Bunia na ndizi, zinarudi na habari.”

Ephraïm alilala kwenye nyumba ya wageni ya wakwe, chakula akaletewa kama mkwe, kwa sinia iliyofunikwa. Hakuna aliyemnyima heshima hata moja, na kila heshima ilimwongezea haya. Asubuhi akaondoka. Bahati ilimpa lori la mbao lililomkubali juu ya mzigo kwa bure, akafika Rwambuzi bado jua liko.

Hubert alikuwa uwanjani akiosha gari, suruali imelowa, mkewe akifagia.

“Bwana Portugal! Umepotea! Tulisema umeshafika Lisbonne, umekataa kurudi.”

“Hubert, sina moto.”

“Tunajua, umeiweka pembeni.”

“Sikuiweka pembeni. Niliuzisha. Haikuwa garaji hata siku moja. Nilikuwa ninatembea kwa sababu sina.”

Hubert akacheka, akakamua kitambaa. “Na hii iko mu défi? Wamekupa zoezi ya kujishusha?”

“Hapana.” Ephraïm akahisi masikio yanawaka. Angeweza kucheka naye, na lingeishia hapo. Akalirudia, kwa sauti ileile iliyotangaza nyumba nzima siku ya Jumapili. “Sina moto, Hubert. Sina. Natembea juu sina. Nilikudanganya.”

Mke wa Hubert akaacha kufagia. Kicheko cha Hubert hakikukatika mara moja, kilipungua kidogo kidogo.

“Hata siku ile ya mvua?”

“Hata ile.”

“Na Mama Joëlle, dimanche ile tukitoka kanisani? Na mimba yake?”

“Hata ile.”

Ephraïm aliona alivyolitafuta neno la utani, maana Hubert hakosi utani, na aliona alivyolikosa. Kisha Hubert akaangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyopiga makofi ya kwanza siku ile, akaifuta kwenye suruali ingawa suruali ilikuwa imelowa zaidi.

“Aye, Ephraïm,” akasema. Hakusema Papa Joëlle.

Ephraïm alisimama pale. Hakuinamisha kichwa, maana kila akiinamisha watu walimsifu. Alikaa ndani ya macho ya wale wawili mpaka akaona hakuna kilichobaki cha kusema, ndipo akaaga na kutoka getini.

Hubert na mkewe walikuwa watu wawili tu. Kule kwenye mzunguko, Michel na wenzake walikuwa zaidi ya kumi, wamepanga pikipiki zao wakingoja wateja wa jioni, na sauti zao zinasikika mpaka mtaa wa Mbunya. Mmoja alikuwa ameshamwona. Ephraïm akavuka barabara, akawaendea.